Mnazi Uliosimamisha Mkongo

Mwera, Pangani
Jumapili, baada ya sala ya Alasiri

Kwa kaka yangu Suleimani,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba yale malengelenge ya mabuti uliyoyalalamikia yameshapona. Mama anauliza kama mnakula mkashiba, na kama wali wa huko unatiwa nazi. Nilimwambia sidhani kama jeshini kuna mtu wa kukuna nazi ya watu wote hao, akasikitika kweli, kana kwamba ni jambo la kupelekewa mbunge. Sisi hapa hatujambo. Kifua cha mama kimetulia tangu mvua zilipokatika. Mimi nami ni mzima wa mwili, ila siwezi kukaa mahali pamoja. Leo nimefungua kitabu cha Jiografia, nikasoma mstari wa kwanza, nikainuka kwenda kutazama barabarani, nikarudi, nikausoma mstari uleule. Mama amesema nikiendelea hivi nitaitoboa sakafu kwa nyayo.

Kwa kuwa kambini hamruhusiwi simu, barua hii anaibeba Mzee Mathew, baba yake Noa, anayekuja huko kumwona mwanawe. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujaitwa na mkubwa wako yeyote, maana huenda ukaitwa. Sababu nitaieleza, lakini kaka unanijua, siwezi kueleza jambo bila kuanzia mwanzo wake.

Mwanzo wake ni mkongo. Ulipokuwa ukiondoka, habari ya halmashauri kutuletea intaneti ya mkongo ilikuwa bado ni maneno ya mikutanoni, na wewe ulisema tutaizeekea. Basi imekuja. Imevushwa mto kutoka mjini Pangani, ikafuata barabara mpaka huku kwetu. Makubaliano yalikuwa halmashauri ilete mabomba, waya na mafundi, na sisi wanakijiji tuchimbe mtaro kwa msaragambo, kila kitongoji kipande chake. Mtaro ufike zahanati, kisha ofisi ya kata, na mwisho shuleni kwetu.

Injinia wao anaitwa Anold. Ni kijana wa Lushoto, mrefu, mpole, ambaye haivui kofia yake ya plastiki hata anapokunywa chai. Siku ya kwanza alikuja shuleni akatuonyesha kipande cha waya wenyewe. Ndani ya ganda jeusi mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kinachopita humo ni mwanga. Rafaeli, yule mwenye mdomo wa darasani kwetu, akauliza kama uzi ukikatika njiani ule mwanga utamwagika, na akinamama waende na ndoo. Darasa zima likacheka. Anold alicheka pia, kisha akamjibu vizuri kwamba haumwagiki, ila uzi wa kioo haupendi kona kali. Ukiukunja sana mwanga unaishia papo hapo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekishika kile kipande, na nikasahau kukirudisha mpaka Mwalimu Benedikta aliponigusa bega.

Chumba cha kompyuta unakikumbuka. Kompyuta zote zimefunikwa kanga kuukuu za Mwalimu Benedikta tangu zilipoletwa, kwa sababu hazina pa kuunganishwa. Na maktaba yetu unaijua. Kile kitabu kimoja cha Biolojia kimechanika baada ya mfumo wa damu, kwa hiyo shule nzima tunaujua moyo lakini hakuna anayeijua figo. Mwalimu alisema mkongo ukifika tutasoma vitabu vya maktaba za mbali bila kungoja mtu wa kutuletea, na kwamba mimi ndiye nitakayemsaidia kuwaonyesha wenzangu. Kaka, kuanzia siku hiyo nilikuwa natembea huku nawaza nitatafuta nini kwanza. Asubuhi nilisema figo. Mchana nikasema nyota. Nikifika nyumbani nilikuwa nimebadilisha tena.

Kila nikitoka shule nilipitia mtaroni kuona umefika wapi. Ulipofika zahanati, Nesi Jenifa alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka nje, na sasa anatuma picha za vipimo hospitali ya wilaya bila mtu kupanda bodaboda. Ofisi ya kata nayo imeshaunganishwa. Kilichobaki ni kipande cha mwisho, kutoka msikitini mpaka shuleni, kinachokatiza shamba la Mzee Mselem.

Hapo ndipo kazi iliposimama.

Anold hakuwa na kosa. Aliomba ruhusa kwa adabu zote. Alimwendea Mzee Mselem akamuuliza kama ardhi ile ni yake, akajibiwa ni yake tangu kwa babu yake. Akauliza kama mtaro unaweza kupita, Mzee akasema pitisheni, elimu ni jambo la kheri. Anold akashukuru akaenda zake. Yeye amezoea kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichosimama juu yake. Hakujua kwamba kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi uliomo ukawa wa yule. Mzee Mselem naye hakuulizwa habari ya mnazi, basi hakuisema. Tena alidhani mtaro utafuata ukingo wa barabara.

Asubuhi ya msaragambo vijana walichimba kwa kelele na matani mpaka walipofika kwenye mnazi wako. Hapo wakaweka majembe chini. Kamba ya Anold ilikuwa imepita katikati kabisa ya shina. Anold akauliza kama wamechoka aagize maji. Akauliza tena, ndipo Rafaeli akasema kuwa pale pana mwenyewe. Anold akasema mwenyewe ni Mzee Mselem, na ameshakubali. Mzee akaitwa kutoka barazani msikitini, akaja taratibu, kanzu ameinyanyua kwa mkono mmoja ili isiguse udongo. Aliutazama ule mnazi kwa muda, kisha akasema, “Uliniuliza ardhi, mwanangu, nikakupa. Mnazi hukuniuliza. Miye sina mnazi hapa.”

Anold akauliza basi ni wa nani. Watu wakajibu kwa mdomo mmoja kwamba ni wa Suleimani. Akauliza Suleimani yuko wapi, wakasema yuko jeshini. Kaka, ungemwona! Aliivua ile kofia kwa mara ya kwanza, akasema pole sana. Alidhani umefia vitani, mpaka Rafaeli alipomweleza kuwa umemaliza kidato cha sita, uko mafunzoni, na kazi yako ni kukimbia na kuimba.

Pa kuupisha mnazi hapakuwepo. Upande mmoja ni barabara ya lami, na hairuhusiwi kukatwa. Upande wa pili ni ule mwamba wa matumbawe tuliokuwa tukianikia nguo, ambao majembe na mitaimbo yetu yaliuchubua tu. Na kuuzunguka kwa kona, uzi wenyewe ndio huo usiopenda kona. Wapo waliosema mnazi ukatwe tu, ukirudi utapandiwa mwingine. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua shoka. Kitovu cha mtu kimelala pale, na kwetu mti wa namna hiyo hauguswi bila neno la mwenyewe, hata kama umeacha kuzaa. Mwenyekiti wa kitongoji akaamua kuwa kwa kuwa haupo, neno litoke nyumbani kwetu. Akaitisha mkutano shuleni, Ijumaa baada ya sala.

Nilirudi nyumbani mbio, moyo mweupe. Niliona jambo limekwisha. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja, nikamwambia kuwa wewe ungekubali bila hata kufikiri, wewe uliyekuwa ukisoma kwa tochi ya simu mpaka macho yanakuvimba. Mama akaendelea kukuna. Nikasema minazi iko mingi na shule ni moja. Akaendelea kukuna. Nikasema pia, na hapa naona haya kuandika, kwamba mambo ya vitovu ni ya watu ambao hawakusoma.

Mama aliacha kukuna. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaniambia nikafunge mlango wa uani.

Aliyoniambia nitakuandikia, lakini acha kwanza nimalize habari ya mkutano, maana hayo mengine mkono bado haujakubali. Jua tu kwamba alipomaliza alirudi kwenye mbuzi yake, akasema, “Ijumaa utakwenda weye. Miye siendi. Useme utakaloliona ni la haki, sitakulaumu kwa lolote.”

Ijumaa hiyo, siku tisa zilizopita, shule ilijaa. Wanafunzi tulikuwa mbele, wazee kwenye madawati, akinamama dirishani. Mwalimu Benedikta alikuwa amezitoa zile kanga kwenye kompyuta akazifua, zilikuwa zinapepea kwenye kamba nje, ili kila mtu aone kuwa mambo yako tayari. Nilipopita Rafaeli akapaza sauti kwamba Zuleha atasema ndiyo kabla hajaulizwa, heri aletewe shoka kabisa asiende kulitafuta. Watu wakacheka kwa furaha, si kwa ubaya. Hata mwalimu alitabasamu. Kila mtu alikuwa anajua kuwa hakuna mtu Mwera nzima anayeutaka mkongo kuliko mimi.

Mwenyekiti akaniita kwa jina, akaniuliza neno la nyumbani kwetu ni lipi. Kaka, unajua mimi darasani nikisomeshwa husoma kwa sauti ya kuku anayeatamia. Lakini siku ile kila mtu alinisikia. Nilisema kwamba wewe umekataa.

Mwenyekiti alidhani nimekosea kusema, akaniuliza tena. Nikarudia. Akauliza nimezungumza nawe lini na hamna simu. Nikajibu kuwa kabla hujaondoka uliniachia neno, kwamba mnazi wako usiguswe na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Huo ni uongo, kaka, na wewe unaujua kuliko wote. Neno pekee uliloniachia ni kwamba nisivae raba zako.

Hapo kelele zikaanza. Wakasema huyo ndiye msomi wetu tuliyemwombea dua. Wakasema keshamaliza shule, atajali nini wadogo zake wakibaki gizani. Mama mmoja dirishani akasema ubahili huu wa madafu haujapata kuonekana toka dunia iumbwe. Jina lako lilivutwa huku na huku, na mimi nimesimama palepale nimeshika pindo la ushungi wangu. Nilitaka kusema si yeye jamani, mwacheni. Lakini nisingeweza kusema si yeye bila kusema ni nani.

Anold hakupiga kelele. Alisema neno la mwenyewe analiheshimu, ila kwa jambo zito hivi angependa litoke kinywani mwa mwenyewe. Akamwomba mtendaji wa kata awasiliane na kambi yenu ili uulizwe. Ukikubali, mnazi utakatwa na kazi itakwisha kabla mafundi hawajaondoka. Ukikataa, kipande cha shule kitangoja mashine ya kupasulia mwamba, na mashine hiyo ni ya bajeti nyingine. Inaweza kuja mwakani, inaweza kuja mwaka wa mbele yake. Huenda nikawa nimemaliza kidato cha nne na kuondoka. Barua ya mtendaji imeondoka Alhamisi. Sijui imefika wapi. Kila pikipiki ikilia barabarani nadhani ni jibu lako.

Juma hili shuleni limekuwa refu. Rafaeli ananiita Mama Mnazi, na ubaoni mtu alichora mnazi wenye ushungi. Hayo nayavumilia. Imakulata tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja amehamia nyuma, na hilo nalivumilia kwa shida. Lililonishinda ni la Mwalimu Benedikta. Jumatatu alizianua zile kanga kwenye kamba, akazifunika tena kompyuta moja moja, akizinyoosha pembe vizuri kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Mimi nilikuwa mlangoni. Aliponiona akaniuliza kama nimekula. Nilitamani anichape.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napakwepa.

Kaka, mnazi ule si wako.

Mama na baba walipohamia hapa kutoka Moa, walipanga chumba kwa Mzee Mselem. Hawakumjua mtu. Mama alikuwa na mimba, na mtoto aliyezaliwa katika chumba kile hakuwa wewe. Alikuwa msichana. Baba alimpa jina la Mwatumu. Kitovu chake kilipodondoka baba alikifukia shambani kwa Mzee Mselem, kwa ruhusa yake, akapanda juu yake mche wa mnazi. Kabla arubaini haijatimia mtoto alifariki. Mama alikuwa bado hajatoka nje hata mara moja, kwa hiyo hapa kijijini karibu hakuna aliyemwona mtoto. Alizikwa na watu wachache, na pale makaburini hapakuwekwa alama. Baadaye makaburi mengine yakaingia, na mama alipopata nguvu ya kwenda hakuweza tena kujua ni wapi. Anasema alizunguka mpaka akaona haya kwa watu waliokuwa wakipita, akarudi.

Kisha ukazaliwa wewe. Mama alikuwa amekwenda kujifungulia kwa bibi, Bweni, na kitovu chako kilidondokea huko, kikafukiwa huko bila mti. Mlipoletwa huku, mche wa mnazi ulikuwa umeshachanua majani. Jirani mmoja alipita, akauona, akasema mashaallah, mnazi wa mtoto huo. Baba hakumsahihisha. Alimwambia mama waache iwe hivyo, ili watu wasije wakauita mti wa maiti na wewe ukaogopa kucheza chini yake. Ndivyo ulivyokuwa wako. Baba alitangulia mbele ya haki bila kulizungumza tena, na mke wa Mzee Mselem vilevile. Amebaki Mzee mwenyewe. Sasa naelewa kwa nini aliutazama mnazi muda wote ule kabla ya kumjibu Anold. Alijua ni wa nani, akanyamaza.

Siku ulipoondoka kwenda jeshini tulimkuta mama amesimama pale, mkono kwenye shina, na sote tukasema anakulilia wewe. Ule wali wa nazi anaoupeleka madrasa kila mwaka kabla ya mfungo, kwa nazi za mti ule tu, tulidhani ni sadaka ya kukuombea wewe. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema mtoto yule hakuwa na kitu kingine duniani ila huo mnazi na yeye mama, na akaona tukijua tutamhurumia, na huruma ya watu inachosha. Hakuniomba niukatalie mkongo. Nataka ulijue hilo. Hakuniomba kitu chochote. Hajui hata kwamba nakuandikia haya.

Nilikusudia kukuomba useme hapana, bila kukueleza sababu. Ingekuwa barua fupi. Lakini nimeshakutia maneno mdomoni mara moja mbele ya kijiji kizima, sikuweza kukufanyia hivyo mara ya pili. Kwa hiyo sasa unajua ninachojua. Kwa macho ya watu neno ni lako, na utakapoulizwa hakuna atakayekuwa karibu yako wa kukusaidia.

Mimi nautaka mkongo, kaka. Usidhani nimekuwa mtu mwema ghafla. Jana nilikwenda kwenye ule mtaro uliokatika nikaingia ndani yake, nikasimama nikiutazama mnazi kwa hasira, nikaona hata wivu. Nilisema huyu ana miaka yote na mimi nina hii miwili tu ya shule. Halafu nikakumbuka kuwa hana hata mmoja. Nikatoka mtaroni, nikarudi nyumbani, na tangu hapo ndiyo siwezi kukaa.

Ukisema ndiyo, hakuna atakayekulaumu nyumbani. Mama atakaa ndani asikie shoka, kisha ataendelea kukuna nazi. Ukisema hapana, utarudi hapa ukiwa bahili wa madafu, na huenda ukaitwa hivyo mpaka uoe. Mimi ombi langu ni useme hapana. Sema mti ni wako na hutaki ukatwe, usitoe sababu yoyote, na ukija usimuulize mama mpaka yeye mwenyewe aseme. Tutachekwa wawili. Figo nitaisoma mahali pengine.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Mzee Mselem anakusalimu, naye jana alinisimamisha njiani, akanishika kichwa, akaenda zake. Nesi Jenifa anakusalimu. Msalimie Noa, mwambie baba yake amebeba visheti vyake na vyako, asije akavila vyote. Mungu akulinde, akurudishe salama.

Ni mimi mdogo wako, mtoto wa tatu wa mama yetu,

Zuleha